Soma Ukurasa Uliokushinda

Daftari ninalo mpaka leo. Ni lile la kurasa 96, jalada la buluu, nyuma limechapwa jedwali la kuzidisha, na mjomba alipiga mstari wa wima katikati ya kila ukurasa kwa kalamu nyekundu. Upande wa kushoto aliandika NILICHOKIPENDA. Upande wa kulia, KILICHONISHINDA. Nilimwuliza kwa nini asiandike tu “nisichokipenda” kama wasemavyo watu. Akanijibu bila kuinua uso kutoka kwenye gundi yake: kitabu kikikushinda leo, huenda ukakiweza mwaka kesho, ukishasema hukipendi, umefunga mlango.

Nilifika River Road, Nairobi, mwanzoni mwa mwaka 2003, nimemaliza kidato cha nne na karo ya kuendelea mbele haionekani. Mjomba alikuwa na chumba kimoja orofa ya pili, karibu na pale Latema Road inapokutana na River Road, na humo aliweka mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na meza ndefu ya kujalidi. Wanafunzi wa vyuo walileta kazi zao, makanisa yakaleta vitabu vya nyimbo, wenye kesi wakaleta hati za viapo. Mimi kazi niliyoipenda ilikuwa ya vitabu vikuukuu: kung'oa uti uliooza, kushona karatasi upya kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kupaka gundi, kisha kuvibana usiku kucha kati ya mbao mbili. Chini yetu palikuwa na duka la kaseti, baadaye sidii, na spika yake ilikaa mlangoni ikitazama barabara tangu asubuhi. Ndiyo miaka vichekesho vya Kikuyu vilipokuwa vikifyatuliwa hapo hapo mtaani, hata biashara yenyewe ikaitwa Riverwood. Tulifanya kazi sakafu ikitetemeka kwa vicheko vya watu tusiowaona.

Mtu akisikia River Road huwaza Ben na Ocholla, vibarua wa ujenzi katika riwaya ya Meja Mwangi ya mwaka 1976 iliyochukua jina la barabara hii, au huwaza wachapaji wa vyeti vya uongo. Mambo hayo yapo, sitayakana. Lakini Jumamosi saa tisa alasiri, mashine zikishazimwa, chumba chetu kiligeuka baraza. Alikuja Mwalimu, mstaafu aliyepanda matatu kutoka Uthiru na mkoba wake wa ngozi. Alikuja fundi wa redio kutoka Luthuli Avenue, mtu wa Siaya, vidole vimejaa makovu ya chuma cha kuchomelea waya. Alikuja kijana wa mapokezi wa lojing ya jirani, mwenyeji wa Kaloleni kule Kilifi, ambaye sote tulimwita Mpwani; yeye alikuja na macho mekundu kwa sababu zamu yake ilikuwa ya usiku. Na alikuwapo Mama wa chai, mzaliwa wa Machakos, mwenye kibanda nyuma ya jengo. Miezi ya kwanza alikaa karibu na mlango akingoja vikombe vyake. Baadaye akawa ndiye anayesubiriwa.

Tulizungumzia mwandishi mmoja tu, Ngũgĩ wa Thiong'o. Tena si yule wa darasani wa Weep Not, Child na The River Between, ambaye wengi wetu tulimkariri kwa ajili ya mtihani. Tulimtaka Ngũgĩ wa vitabu vitatu vinavyocheka: Caitaani Mũtharaba-inĩ cha mwaka 1980, Matigari cha 1986, na Mũrogi wa Kagogo kilichoanza kutoka 2004. Ni Ngũgĩ wa mashetani, wa wezi wanaoshindania taji hadharani, wa mtawala anayevimba mwili mpaka anaelea hewani. Kila mmoja alikuwa na kipenzi chake kati ya hivyo vitatu, na kila mmoja alikuwa na kimoja kilichomshinda, na ubishi huo ulitulisha kwa miaka.

Mapenzi ya mjomba kwa vitabu hivi yalianzia mbali. Alizaliwa Limuru, mwendo mfupi kutoka Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1977 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na alikuwa miongoni mwa waliobeba nguzo wanakijiji walipojijengea ukumbi wa maonyesho usio na paa. Mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ulifunguliwa humo mwezi Oktoba. Mwezi Novemba ukapigwa marufuku. Siku ya mwisho ya mwaka mwandishi akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti mpaka Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani, na humo seli akaandika Caitaani kwenye karatasi za chooni. Ukumbi wenyewe polisi waliubomoa mwaka 1982. Mjomba alikuwa akisema mikono yake inakumbuka uzito wa zile nguzo, na alipolisema hilo hakuna aliyemkatiza.

Caitaani ilipotoka, mjomba akawa msomaji wa baa. Hili Ngũgĩ mwenyewe amelieleza katika Decolonising the Mind: wachapishaji walitoa nakala 5,000 wakidhani zitachukua miaka kuisha, zikaisha upesi, na kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa zimechapwa 15,000. Watu waliisoma ndani ya basi, wakaisoma kazini saa ya chakula, na katika baa akatokea mtu anayewasomea wengine kwa sauti. Glasi yake ikikauka palipo patamu, anafunga kitabu, na wasikilizaji wanamwagizia nyingine ili aendelee. Mjomba hakuwa mnywaji. Baa moja ya Limuru ilimlipa kwa soda na mbavu za mbuzi. Alituambia kwamba pale ndipo alipojifunza kusoma, ingawa herufi alizijua tangu utotoni. Sentensi ikiwa na uhai, watu waliacha kutafuna. Ikiwa imekufa, mtu alianza kuita mhudumu.

Sharti la baraza letu lilitoka huko huko baa. Yeyote aliyetaka kitabu kiandikwe upande wa kulia alitakiwa kwanza ausome mbele yetu ukurasa uliomshinda. Asieleze, asihukumu kwanza. Asome tu, kwa sauti, mpaka mwisho wa ukurasa. Wakati ule niliona ni adhabu. Nani anataka kumsikia mtu akisoma asichokitaka?

Mama wa chai ndiye aliyenionyesha thamani ya sharti hilo. Kwa kuwa si wote tuliojua Kikuyu, Caitaani tuliisoma kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, tafsiri iliyotoka mwaka 1982. Jalada la nakala yetu lilikuwa limekwisha, nikalitengenezea jingine kwa kadibodi ya kijani. Warĩĩnga, mhusika mkuu, anapofukuzwa nyumbani kwake Ofafa Jericho na kutangatanga mjini kama aliyepungukiwa akili, safari yake inamleta Racecourse Road, karibu na kanisa la St Peter Claver's. Kutoka mlango wetu mpaka pale ni dakika chache kwa miguu. Mama wa chai aliposikia jina la barabara aliweka birika chini. “Hapo?” akauliza. “Hapo kituoni?” Tangu siku hiyo alileta chai mapema ili awahi mwanzo.

Alipenda mno sehemu ambayo Warĩĩnga anakuwa fundi wa magari. Jirani zetu wa Kirinyaga Road ni mafundi na wauza vipuri, na Mama aliwapikia. Alijua wanavyomtazama mwanamke anayekaribia injini. Aliirudia sehemu hiyo mara tatu kwa kidole, pole pole, midomo ikitangulia sauti. Lakini mwisho wa kitabu, pale Warĩĩnga anapompiga risasi yule mzee tajiri aliyemharibia usichana wake na kuondoka asitazame nyuma, ulimshinda. Akausoma ukurasa kama sharti linavyotaka. Chumba kilikuwa kimya hata spika ya chini tuliisahau. Mwalimu, aliyekuwa na kitabu hicho upande wake wa kushoto tangu mwanzo, akasema kwamba ule ndio ushindi wa mnyonge. Mama akamwangalia.

“Mwalimu, Warĩĩnga ana mtoto. Wambũi. Jioni hii Wambũi anakula kwa nani?”

Mwalimu akaanza kueleza habari ya mfano na ishara, jinsi mwandishi anavyoweza kutumia tendo la mtu mmoja kusimamia tabaka zima. Mama akamsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza. “Nimesikia, Mwalimu. Mimi bado nauliza chakula cha jioni.” Mjomba akachukua kalamu na kuandika upande wa kulia, kwa herufi nadhifu: *Mama, ukurasa wa mwisho, kwa sababu ya Wambũi.* Nimesoma maandishi kadhaa ya wasomi juu ya mwisho wa riwaya hii, na bado sijaona swali lililonigusa kuliko hilo.

Fundi wa redio naye alikipenda kitabu hicho hicho kwa sababu nyingine kabisa. Kwake kila kitu kilikuwa pangoni, penye mashindano ya wezi wa kisasa. Yupo mmoja anayepanga kuuza udongo ndani ya mikebe na kuifungia hewa ili wanyonge wainunue kwa kipimo. Mwingine ni Kĩhaahu, aliyefungua shule ya chekechea. Wazazi walipoikwepa, akaleta midoli ya watoto wa Kizungu iliyovishwa nguo za gharama ionekane kama wanafunzi, ndipo matajiri wakaja wakisukumana. Fundi alisoma ukurasa huo akishindwa kuumaliza. Alikuwa na binti aliyeingia shule ya chekechea mwaka ule, na karo ilikuwa imemtoa jasho. Nilimwona akicheka huku akifuta uso kwa kitambaa chake cha kazi, na nikaelewa kwamba hakuwa akifuta jasho.

Kilichonishinda mimi kilikuwa Matigari. Nilikisoma peke yangu katika chumba nilichopanga Kangemi, usiku, kwa taa ya mafuta, kimya kimya. Mpiganaji anatoka msituni, anazika silaha zake chini ya mti wa mũgumo, anajifunga mkanda wa amani na kwenda kuitafuta nyumba yake na familia yake. Kisha anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Niliona ni mahubiri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na sikutaka kuhubiriwa. Hasa zile sehemu za redio, Sauti ya Ukweli, na wale wasomi wa elimu ya ukasuku na gazeti lao la kasuku, niliziona ndefu na za kitoto. Nikasema hivyo. Mjomba akanisogezea kitabu.

Nikasoma. Nilisoma kama mtu anayesoma orodha ya bei. Nilipofika chini ya ukurasa Mwalimu akanyoosha mkono. “Hebu, kijana.” Akasimama, akafunga kifungo cha koti, na akausoma ukurasa ule ule kwa sauti ya taarifa ya habari ya saa saba mchana ya miaka ya themanini. Ile sauti ambayo kila siku, dunia iwe imeungua au haijaungua, ilianza na mtukufu rais alikokwenda na alichosema. Mjomba aligonga meza. Fundi akainama mpaka kipaji cha uso kikagusa magoti. Hata Mpwani, aliyekuwa akisinzia, akaamka akicheka kabla ya kujua kuna nini.

Kisha Mwalimu akakaa na kuniambia mambo ambayo shule haikunifundisha. Mwaka 1984 Rais Moi alisema hadharani kwamba anataka mawaziri na wengine wote waimbe kama kasuku, wafuate wimbo wake bila kubadilisha. Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Alitueleza jinsi alivyoyahesabu maneno yake mbele ya gwaride la asubuhi, mbele ya walimu wenzake, hata mezani kwake nyumbani. Matigari ilitoka Oktoba 1986. Miezi michache baadaye maofisa wa usalama waliripoti kwamba wakulima wa mkoa wa kati wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka akidai ukweli na haki; amri ikatolewa akamatwe. Ilipogunduliwa kwamba ni mtu wa kitabuni, mwezi Februari 1987 polisi walipita madukani wakakusanya nakala zote. Mtu wa kubuni alitafutwa na serikali, akakosekana, kikakamatwa kitabu. Mwalimu aliificha nakala yake ndani ya gunia la maharagwe miaka kadhaa, na kila mkewe alipochota maharagwe alihakikisha mkono wake haufiki chini.

Sikujua la kusema. Ukurasa niliouona wa kitoto ulikuwa umeandikwa kwa masikio ya watu waliolazimishwa kusikiliza redio ile wakiwa wamenyamaza. Kicheko chake kilikuwa kimekaa ndani ya sauti, si ndani ya herufi, na mimi nilikuwa nimezisoma herufi tu. Nilitaka kufuta jina langu upande wa kulia. Mjomba akakataa. Hakuna kufuta, alisema. Andika mstari mpya, weka tarehe. Kwa hiyo daftari linaonyesha kwamba Matigari ilinishinda tarehe 19 Juni 2004, na kwamba nimeipenda tangu tarehe 19 Juni 2004.

Mwezi uliofuata, siku ya mwisho ya Julai, Ngũgĩ alirudi nchini baada ya miaka 22. Alikuja na Mũrogi wa Kagogo. Haikupita wiki mbili, watu wenye silaha wakamvamia yeye na mkewe Njeeri walikofikia. Jumamosi iliyofuata tulikusanyika na hakuna aliyefungua kitabu. Mama wa chai hakutaka kupokea pesa siku hiyo.

Mũrogi ndicho kitabu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote, na ndicho nilichokifanyia kazi. Hatukuwa na nakala ya Kiswahili. Mjomba alisoma Kikuyu, na mimi nikafasiri papo hapo, sentensi kwa sentensi, kwa watu watatu wasiokijua: Mluo, Mkamba na Mgiriama. Sijawahi kufanya kazi ngumu na tamu kama hiyo. Tatizo la kwanza lilikuwa jina la kitabu. Mũrogi ni mchawi, nilisema. Mpwani akapinga. Huyu Kamĩtĩ ni maskini asiye na kazi. Yeye na Nyawĩra wanawakimbia polisi, wananing'iniza mlangoni mifupa na onyo la uchawi ili waogopwe, na watu wanapoanza kuja anawatibu. Basi ni mganga, alisema Mpwani. Kwetu mchawi na mganga hawachanganywi, mmoja anafunga na mwingine anafungua. Tulibishana Jumamosi nzima. Mwalimu akaleta jambo ambalo hatukuliona, kwamba jina la huyo Kamĩtĩ ndilo jina la gereza alimofungiwa mwandishi. Mwishowe tukakubaliana kwamba ni mchawi kwa kibao na mganga kwa kazi, na nikaendelea kufasiri hivyo, nikibadilisha neno kulingana na anayemtazama: polisi wanapomtafuta ni mchawi, mgonjwa anapobisha hodi ni mganga.

Majina mengine hayakuhitaji mfasiri. Waziri aliyekwenda Ulaya kupanuliwa macho ili awaone maadui wa mtawala anaitwa Machokali. Aliyepanuliwa masikio ni Sikiokuu. Mfanyabiashara ni Tajirika. Fundi alicheka kwa majina hayo kabla mimi na mjomba hatujacheka, na nikaona jambo lililonifurahisha sana: mwandishi aliyeshikilia kuandika kwa lugha ya mama yake alikuwa ameacha mlango wazi kwa lugha yetu sote, na nyuma ya mlango huo aliketi fundi kutoka Siaya akicheka kabla ya wenye nyumba. Mpwani hakuridhika. “Macho makali,” alisahihisha, “si macho kali.” Fundi akamwambia hiyo ndiyo Nairobi, ndugu yangu, waziri huyu hakusomea Kilifi.

Panapo ugonjwa wa Tajirika ndipo nilipopata sentensi yangu niipendayo. Tajirika amepata mali nyingi ghafla, na neno moja linamkwama kooni. Anasimama mbele ya kioo akilirudia na haliendelei. Anachotamani, na hawezi kukitamka, ni kuwa mweupe. Nilipofika pale nikatafuta neno la Kiswahili ambalo mtu anaweza kukwama nalo. “Kama” lilikuwa jepesi mno. “Ikiwa” lilisikika kama mkataba. Ndipo likanijia: “laiti.” Nikalitamka na kunyamaza. Laiti... laiti... laiti... Chumba chote kikaelewa kabla sijafika mbele. Mama wa chai alisema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kwamba kila mtu ana laiti yake. Nimejalidi maelfu ya vitabu tangu wakati ule, na bado neno hilo moja ndilo kazi yangu ninayojivunia zaidi.

Na hata hivyo Mwalimu alikiweka Mũrogi upande wa kulia, na alikuwa na haki. Alichokisoma mbele yetu ni kurasa za foleni, pale watu wanapojipanga mistari ya kutafuta kazi inayokua mpaka inaufunika mji, na serikali haijui ianzie wapi kuivunja. Alisema ni hadithi nzuri inayorefushwa. Alihesabu mara ngapi jambo lile lile linaelezwa na msimulizi mwingine. Nakubali kwamba kitabu hicho, ambacho kwa Kiingereza kinapita kurasa 700, kinazunguka. Lakini tulipokuwa tukimsikiliza akisoma foleni ile, dirishani tuliona foleni ya kweli ya matatu za jioni, imepinda kuanzia kituo cha Tea Room, watu wakisogea nusu hatua, nusu hatua. Fundi akasema tu, “Mwalimu, soma tena hapo.” Mwalimu akasoma tena. Jina lake limebaki upande wa kulia, na mimi nimeandika pembeni kwamba aliusoma ukurasa huo mara mbili.

Sitaki kusahau mchango wa Mpwani, ambaye aliona tunampa Ngũgĩ peke yake sifa ya wengi. Alituletea Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, na akatulazimisha tukae nayo mwezi mzima. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kusema ukweli, anafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani, anajifunza kukiendesha na kutua kwenye ulimwengu mwingine uliopangwa kwa haki. Jina lenyewe ukilivunja linasema: wale ni sisi. Mjomba hakuipenda, ulimwengu ule ulikuwa safi mno kwake, hauna mwizi wa kuchekesha. Mpwani akamtaka asome ukurasa uliomshinda, akasoma, na hakubadilisha mawazo. Si kila mara sharti lilifanya kazi. Mkangi naye alikuwa amewekwa kizuizini wakati wa Moi, na alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004, kwa hiyo tulimsoma tukijua hatutapata kingine kutoka kwake.

Januari 2008 baraza lilikatika. Sitaeleza ghasia za kikabila zilizotokea mjini baada ya uchaguzi, kila mwenye umri wa kutosha anayo yake. Fundi alifunga kibanda akaenda Siaya. Wiki kadhaa nilikuwa nikitazama kiti chake na kuona haya ambayo haikuwa na jina. Alirudi mwezi wa nne, Jumamosi, saa tisa, akiwa amekonda. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alivuta kiti, akachukua ile nakala ya kijani ya Shetani Msalabani na kutusomea pango la wezi, kuanzia pale kila mwizi anapotakiwa ajitambulishe. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Ukurasa wa tatu Mama wa chai akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mjomba akafuata, kisha sote. Tulicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Fundi akafunga kitabu, akaomba chai.

Mjomba alifariki mwaka 2016, mwezi wa tisa. Chumba bado tunacho, ingawa kazi ya kujalidi imepungua na duka la sidii la chini limekuwa la vifaa vya simu, na spika pale pale mlangoni. Ngũgĩ alipofariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87, ilikuwa Jumatano. Jumamosi yake, tarehe 31, nilizima mashine saa tisa bila kumwita mtu. Fundi alikuja, sasa anatengeneza simu, na miwani yake ina nyuzi shingoni. Mama wa chai alikuja na mjukuu wa miaka kumi na minne. Mwalimu hawezi tena kupanda ngazi, lakini binti yake alitupigia simu akaweka spika, tukamsikia akipumua na kukohoa huko Uthiru.

Mjukuu aliuliza aanze na kipi. Tukajibu vinne tofauti kwa wakati mmoja. Mwalimu alisema Matigari kupitia simu, kwa sauti kubwa kuliko tuliyoitegemea. Basi nikafungua Matigari, mahali pa kasuku na redio, na nikasimama kama yeye alivyosimama. Chini spika ilikuwa ikitangaza bei ya vifuniko vya simu. Fundi akashuka kuwaomba wapunguze. Ikanyamaza kabisa, na aliporudi alikuwa amefuatwa na mmoja wa vijana wa dukani, ambaye alisimama mlangoni akishikilia mwimo, hataki kuingia, hataki kwenda.

Nilimwuliza kama kutoka pale anasikia.

“Nasikia,” alisema. “Soma.”